Bomba Lisilo na Maji

Mjomba wangu ni fundi bomba, na ana swali moja ambalo limeshamkosesha kazi zaidi ya mara moja. Akifika kwenye nyumba ya zamani, akionyeshwa panapovuja, akasikiliza malalamiko ya mwenye nyumba mpaka mwisho, huweka mkoba chini, hulishika bomba lenyewe kama anatafuta mshipa wa mgonjwa, halafu huuliza: "Mbali na maji, hili lina kazi gani nyingine?"

Watu humkodolea macho. Mwalimu mmoja mstaafu alimjibu, "Fundi, hili ni bomba. Ulitaka lifundishe hesabu?" Mama mwingine alikiri kwa aibu kwamba huanikia soksi. Yupo aliyempigia simu fundi mwingine huku mjomba bado amesimama mlangoni na mkoba wake. Yeye hakasiriki. Hungoja jibu, na akiambiwa halina kazi nyingine, huomba waulizwe wote wanaoishi humo, hata mtoto, hata mgonjwa wa chumba cha nyuma. Hasa mgonjwa wa chumba cha nyuma.

Mimi najua swali hilo lilikotoka. Lilitoka nyumbani kwetu, kwa marehemu bibi, mama yake.

Mtaani walimwita mjomba Mpira, na aliyempachika jina hilo ni mama yangu, dada yake wa tumbo moja. Kwa wateja mjomba alikuwa fundi wa kukata na kubadilisha: bomba likishaoza anatoa, anaweka jipya, anaondoka. Lakini kwa mama yake alikuwa mtu wa kufunga. Palipovuja alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha kwa kuuvuta mpaka mishipa ya shingo inamtoka, akamalizia kwa waya. Ndani ya miaka michache mabomba yetu yalikuwa na bandeji nyingi kuliko wodi ya majeruhi. Ukiziba kiungo kimoja, presha inahamia kwa jirani yake, na baada ya muda jirani naye anaanza kulia.

"Mganga hajigangi," mama alikuwa akisema kila akipita na ndoo.

"Bomba zee halifunguliwi, dada," mjomba anajibu kutoka chini ya sinki. "Linaombwa radhi."

Hakuwa anatania sana. Nyumba ile ilijengwa enzi za mabomba ya chuma, na chuma kilikuwa kimeshajila chenyewe kutoka ndani. Asubuhi ukifungua koki, maji ya kwanza yalikuja na rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na mama aliyakinga ya kupigia deki. Maji yenyewe yalishuka uzi mwembamba. Kujaza sufuria moja kulitosha mtu kufikiria maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuoni kabla chuo hakijamalizana nami, kwa hiyo muda wa kufikiria maisha nilikuwa nao, hamu ndiyo sikuwa nayo. Siku moja mjomba alikata kipande akanionyesha. Kwa nje lilikuwa bomba nene, la heshima. Kwa ndani kutu ilikuwa imejaa pande zote, ikaacha tundu ambalo penseli ingepita kwa kuomba njia.

"Unaona?" akaniambia. "Sasa hivi kinachoyashikilia haya mabomba ni kutu. Ukigusa moja, yote yanaamka."

Ndiyo maana aliogopa. Koki kuu ya nje ilikuwa haijazungushwa tangu mimi sijazaliwa. Angeikaza kidogo tu ingeweza kukatikia mkononi, na mama yake mgonjwa akabaki kwenye nyumba isiyo na tone.

Kuhusu mgonjwa mwenyewe. Bibi alikuwa mtu wa maneno. Aliweza kuanza kumsema mtu jikoni akammalizia barazani, na msemwa akaondoka akicheka. Mimi aliniita mume wangu, halafu akadai talaka mbele ya wageni kwa sababu ya uvivu. Kiharusi kilipokuja kilijua pa kushika. Kilichukua ulimi na upande wote wa kulia, kikamwachia akili, masikio na mkono wa kushoto. Sauti iliyobaki kooni ilikuwa ya kukoroma tu, na bibi aliionea aibu. Hakuitoa mbele ya mtu. Tulimlaza chumba cha nyuma, kitanda tukakisogeza ukutani, pale bomba lilipopita usawa wa mto wake likitoka jikoni kwenda kwenye koki ya uani.

Asubuhi moja uji ulichelewa. Bibi alikuwa na kijiko mkononi, amechoka kungoja, akakipiga kwenye bomba kwa hasira. Huku jikoni bomba lile lile, linalopita juu ya meza, likalia mbele ya uso wa mama kana kwamba kuna mtu amesimama pale. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria akakimbia.

Tangu hapo bibi akawa na sauti tena.

Hakuna aliyemfundisha. Mama aliitwa kwa mapigo mawili mazito, ya mtu anayebisha hodi kwa haki yake. Mimi aliniita kwa mfululizo wa haraka haraka, maana alijua kuniita polepole ni kupoteza nguvu. Na mjomba, akiwa amekuja kutusalimu, aliitwa kwa pigo moja ambalo bibi aliliacha lilie mpaka lififie lenyewe, halafu kimya, halafu kapigo kadogo mno. Ilikuwa kama mtu aliyesema jambo kisha akaongeza: mwanangu.

Kulikuwa pia na pigo ambalo halikumwita mtu. Alasiri mama akiwa anamenya viazi, bomba lingegonga mara moja tu, polepole. Mama angechukua upawa, akajibu. Bibi angerudisha. Wangeendelea hivyo mpaka viazi viive. Walichokuwa wakiongea sikijui, ila nilihisi humo sisemwi vizuri.

Kosa letu lilianzia kwenye namna tulivyolitaja jambo hili. Tulisema, "Bibi anaita." Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema bomba linaita.

Ukuta wa bibi ndio uliolazimisha mambo. Kwanza rangi ilivimba, ikatoka vilengelenge. Halafu lipu ikaanza kutoa unga mweupe kama chumvi. Halafu ukungu mweusi ukatambaa kutoka chini kuja juu, na bibi akaanza kukohoa kikohozi kizito kinachomwinua kitandani. Daktari aliyekuja kumwona alimpima kifua, akaweka kiganja ukutani, akakiangalia kiganja chake.

"Dawa nitaandika," alisema. "Lakini anavuta maji kila akivuta pumzi. Ukuta huu ukiendelea kulia hivi, dawa yangu ni mapambo."

Jioni mjomba alikuja, tayari na ukanda wake wa tyubu begani. Mama alimsubiria mlangoni.

"Mdogo wangu, nyumba za watu unazibadilishia mabomba. Ya mama yako unayavalisha soksi."

"Dada, haya ukiyagusa yanakatika yote. Nimekwambia."

"Basi yakatike." Mama alishusha sauti ili isifike chumba cha nyuma. "Mama akikatika yeye, utamfunga mpira?"

Mjomba aliutoa ule ukanda begani, akaukunja, akaukunja tena, akautia mfukoni. Keshoye asubuhi tulimwona anaingia getini na mzigo wa mabomba ya plastiki meupe, marefu kumliko yeye, na uso wa mtu anayekwenda kuomba mke.

Tulimhamishia bibi sebuleni, kwenye kitanda changu, nami nikahamia sakafuni ambako baadhi ya ndugu wanasema ndiko nilikostahili. Mjomba akaanza na koki kuu. Aliipaka mafuta, akaigonga kidogo kidogo kuizunguka, akaiacha, akanywa chai, akarudi, akaiongelesha. Ilipozunguka ilitoa mlio wa mlango wa gereza. Baada ya hapo aliyoyaogopa yote yakatokea, ila kwa utaratibu. Kila kiungo alichokishika kwa spana kilivunjika mikononi mwake. Meno ya bomba yalikuwa yamegeuka unga mwekundu. Alipofika kwenye ukuta kati ya jikoni na chumba cha bibi alitumia msumeno wa chuma, akavuta kipande kizima kikatoka na bandeji zake, akakilaza uani juu ya wenzake. Akabandua lipu iliyooza, akaacha matofali yapumue mpaka yakauke, akapiga lipu mpya. Mabomba mapya aliyapitisha njia ile ile ya zamani, nje ya lipu, ili siku yakivuja yaonekane. Aliyaunga kwa gundi, akafuta kila kiungo kwa kitambaa, akakataa katakata kufungua maji kabla gundi haijashika, ingawa mama alimzonga na ndoo.

Maji yalipofunguliwa, koki ilikohoa hewa, ikatema, halafu ikatoa maji meupe ya nguvu yaliyomlowesha mama kifuani. Alijaza glasi, akaiweka dirishani, akasimama akiitazama.

"Haya, niite Mpira sasa," mjomba alisema. Alikuwa amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Sijawahi kumwona na furaha ile.

"Nitakuita Plastiki," mama akasema, lakini alimfuta uso kwa khanga yake mwenyewe.

Tulimrudisha bibi chumbani kwake. Ukuta ulikuwa mkavu, mweupe, unanuka saruji mpya. Aliugusa. Akaligusa na bomba jipya, akalitazama kidogo. Tukamwekea kijiko chake kwenye kigoda, tukashusha pazia, tukamwacha apumzike.

Nyumba ikawa kimya.

"Leo mama hajaita hata mara moja," mama alisema jioni, akikausha vyombo.

"Anapata usingizi," nikasema. "Chumba kimekauka."

"Kikohozi nacho kimepungua."

"Ndiyo faida ya kazi safi," mjomba akasema, na tukacheka wote watatu, sauti zetu zikitoka jikoni na kupita ukorido mpaka chumba cha nyuma.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Mama alimpelekea chakula kwa wakati, akamgeuza, akamsafisha, akarudi kusema mama katulia. Kuna asubuhi bibi alimwonyesha mama kijiko. Alikiinua juu, akakitikisa. Mama akamletea uji. Bibi akakiinua tena. Mama akakikagua, akaenda kumletea kijiko kingine, kisafi zaidi. Alinisimulia hilo jikoni kama kituko. Alasiri alimenya viazi peke yake, upawa ukiwa umening'inia ukutani, na nadhani hata hakujua anakosa nini. Alilalamika tu kwamba siku zimekuwa ndefu.

Halafu bibi akageukia ukutani.

Kijiko hakuinua tena. Chakula alikula nusu, kisha robo, kisha alifunga mdomo. Daktari alirudi, akamsikiliza kifua, akashangaa. "Kifua kimekuwa kizuri kabisa," alisema. "Lakini mgonjwa wenu hana hamu. Kuna jambo limemuudhi?" Katika nyumba ile tulikuwa hatujawahi kuishi vizuri kama vile.

Mjomba alikuja akitoka kazini, na nguo za kazi, akasimama miguuni pa kitanda.

"Shikamoo, mama."

Zamani bibi angeinua mkono wa kushoto. Sasa hakugeuka. Mjomba alisalimia tena, kwa sauti ndogo zaidi, halafu akakaa kwenye kigoda. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la uji uliokataliwa. Kwa kuwa mjomba hakuwa na la kufanya, akaanza kukagua kazi yake, kama fundi yeyote. Macho yakapita kwenye lipu, yakashuka kwenye bomba. Yakaganda. Akasogea, akapitisha kidole gumba juu ya plastiki, usawa wa mto.

Bomba lilikuwa limepata ndui. Vishimo vidogo vidogo, vingi, vimerundikana mahali pamoja, vingine juu ya vingine, na mikwaruzo mirefu pale mkono ulipochoka ukateleza.

Aliinama akachungulia uvunguni. Kijiko kilikuwa huko, karibu na ukuta, shingo imepinda. Akakiokota.

Kuna namna mafundi bomba wanavyosikiliza uvujaji uliofichika. Ncha ya bisibisi unaiweka kwenye bomba, mpini unauweka sikioni, na chuma kinakuletea kila kinachotokea upande wa pili. Mjomba alikuwa na sifa kwa sikio hilo. Aliweza kusikia koki ya nyumba ya jirani ikifunguliwa. Akatoa bisibisi, akaiweka juu ya vile vishimo, akainamisha kichwa.

"Nenda jikoni," akaniambia. "Chukua upawa, ugonge."

Nilikwenda, nikagonga. Ilitoka sauti ya kugonga kiatu.

"Gonga," akaita.

"Nimeshagonga, mjomba."

"Gonga kwa nguvu."

"Nimeshagonga."

Niliporudi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, bisibisi imelala mapajani. Mama alikuwa amenifuata. Alimwangalia mdogo wake, akaliangalia bomba, akakiona kijiko kilichopinda mkononi mwake, na sikulazimika kumweleza. Alikaa pale pale kizingitini.

Fikiria umezoea kuita na watu wanakuja. Siku moja wanakuhamisha, wanakurudisha mahali pako, na ukiita hakuna anayekuja. Unaita tena. Unawasikia jikoni wanacheka.

"Mama," mjomba alisema, bila kugeuka. "Hatukukusikia. Si kwamba hatukutaka kuja. Hatukusikia."

Bibi aliendelea kuutazama ukuta. Ulikuwa ukuta mzuri.

Kesho yake mama alinunua kengele, ya kubonyeza kwa kiganja, kama zile za mapokezi ya hoteli. Akaiweka karibu na mto, akaibonyeza kumwonyesha. Iling'ara, ililia, ilisikika mpaka barabarani. Bibi aliitazama kama mtu aliyeletewa bili ya mwenzake, akaisukuma kwa kiwiko ikaanguka. Mama akaiokota. Ikaanguka tena.

"Hataki," mama akasema akiwa jikoni. "Mimi hata simwelewi. Inalia kuliko lile bomba."

Mjomba alikuwa ameinamia kikombe cha chai kilichopoa. "Dada, wewe alasiri ulikuwa unafanya nini na upawa?"

"Nilikuwa namjibu."

"Kengele utaijibu na nini?"

Mama akainua macho kwenye upawa ukutani. Mjomba akasimama, akatoka uani kuyafuata yale mabomba ya zamani. Palikuwa na alama za kutu tu kwenye udongo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amepita asubuhi, na mimi ndiye niliyemfungulia geti, tena kwa kumshukuru.

Tulimkuta kwenye uwanja wake, mzee mnene aliyevaa glavu za mikono tofauti, amezungukwa na mlima wa friji zilizokufa, magurudumu, na mabomba. Mabomba yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani dunia inayo. Yote mekundu, yote ya kutu.

"Nimekuja kuchukua bomba langu," mjomba alisema.

"Fundi, si ndiyo haya mliyoyaita takataka?" mzee akacheka. "Mpwa wako kanibebea mpaka kwenye mkokoteni. Utalijuaje lako sasa? Limeandikwa jina?"

Mjomba alianza kuuzunguka ule mlima, akivuta hiki, akisukuma kile, mpaka akasimama. Chini kabisa, chini ya kitanda cha hospitali kilichopinda, kulionekana kitu cheusi kimefungwa kwa waya.

"Hilo hapo," akasema. "Lile lenye mpira."

Mzee alisogea, akatazama ile bandeji. "Fundi gani alikufungia hivi? Huyu alitakiwa afungwe yeye."

"Ni mimi," mjomba akasema. Mzee akaacha kucheka, akatusaidia kulivuta.

Alikaa uani siku nzima akilisugua kwa brashi ya waya, akigonga unga wa kutu utoke, akikata ncha zilizooza. Alipomaliza kilibaki kipande cha kutosha kutoka meza ya jikoni mpaka kwenye mto wa bibi. Akatoboa ukuta wake mpya, ile lipu aliyoipiga na kuisugua kwa sifongo mpaka ikawa kama karatasi. Tindo ilipoingia mama alikunja uso.

"Unatundika bomba lisilo na maji," akasema. "Watu wakija wakiuliza?"

"Waambie fundi ana kichaa."

"Hilo wanalijua. Nitawaambia nini kipya?"

Chuma kikigusa tofali, sauti inaingia kwenye tofali na kufia humo. Kwa hiyo pale lilipopita ukutani, na kwenye kila kishikizo, mjomba alilizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, taratibu, ili lining'inie bila kushikwa na kitu. Mfukoni alikuwa bado nao ule aliouondoa begani siku ile. Kimojawapo cha vishikizo mpaka leo kina mpira huo.

Kijiko alikinyoosha kwa nyundo. Kikawekwa kwenye kigoda.

Mama alichukua upawa. Nami nilitumwa chumbani niwe jicho. Bibi alikuwa ameelekea ukutani, na ukuta sasa ulikuwa na mabomba mawili, moja jeupe, moja jekundu, yamefuatana. Macho yalikuwa wazi.

Mama akagonga mara moja, polepole, lile pigo la viazi. Likaja chumbani zima zima.

Macho ya bibi yakasogea.

Kimya. Mama hakuongeza. Baadaye alisema alihesabu viazi vyote kwenye beseni, akavirudia. Kisha akagonga tena. Mkono wa kushoto wa bibi ukatoka chini ya shuka, ukapapasa kwenye kigoda, ukapita kijiko, ukarudi. Sikumsaidia. Sijui kwa nini, lakini nilijua nikimsaidia nitaharibu. Akakishika. Akakiinua, akakisitisha hewani, akaliangalia lile bomba jekundu kwa mashaka ya mtu aliyeshawahi kudanganywa na ndugu wa bomba hilo.

Akagonga.

Jikoni mama alijibu, bibi akarudisha, mama akajibu. Nilipotoka nilimkuta bado anamenya kiazi kile kile alichoanza nacho, kimebaki saizi ya gololi.

Uji wa jioni ulilika. Asubuhi mama aliitwa kwa mapigo mawili mazito. Mchana nikaitwa mimi, harakaharaka, nikakuta ninachotakiwa ni kufungua pazia. Alikuwa na hamu tu ya kunituma. Taratibu bibi aliturudia, isipokuwa kwa mtu mmoja. Mjomba hakuitwa.

Alikuja kila jioni akitoka kazini. Aliingia kumsalimia mama yake, na bibi aliinua mkono kidogo, kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni. Halafu mjomba alirudi jikoni, akakaa kwenye stuli chini ya bomba, mkoba miguuni. Chai iliwekwa, ikapoa. Mama alimwambia aende akamwombe msamaha tena, akasema ameshaomba. Nikamtania, "Mjomba, unangoja namba yako iitwe?"

"Nangoja," akasema, na mimi nikajuta ulimi wangu.

Miezi ilikwenda hivyo. Kazini alianza kuuliza lile swali lake, na watu wakaanza kumcheka, na kazi chache zikampita. Nyumbani mabomba meupe yaliendelea kutoa maji safi, hayajavuja mpaka leo. Bibi alizidi kuwa mwepesi. Mama alimgeuza kwa mkono mmoja. Mapigo yake yakawa madogo, na tukajifunza kupunguza moto wa jiko na kuongea kwa kunong'ona ili yasitupite. Wote tulijua tunakoelekea. Mjomba alijua zaidi, kwa lile sikio lake, na bado alikaa kwenye stuli.

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika. Mama alikuwa kwenye viazi. Mjomba alikuwa amewahi kutoka kazini, amekaa, viatu vina tope, anasugua meno ya spana kwa kitambaa. Bomba likagonga.

Mara moja. Mama alinyoosha mkono kwenye upawa, akadhani ni yake. Lakini sauti haikufuatwa na kitu. Iliachwa ilie, ikalia, ikapungua, ikafifia juu ya vichwa vyetu mpaka ikaisha kabisa. Mama akaurudisha mkono mapajani. Mjomba aliacha kusugua. Kikawa kimya kirefu, kirefu kuliko cha zamani, na niliogopa kwamba nguvu zimemwishia katikati.

Halafu kakaja kapigo kadogo.

Nilidhani atakimbia. Hakuinuka. Aliigeuza ile spana mkononi, akainua mkono, akagonga bomba mara moja na kuliacha lilie mpaka mwisho wake. Akangoja. Kisha akagonga tena, kidogo tu, kwa ncha. Nadhani hilo lilikuwa: mama.

Ndipo akavua viatu vyake vya tope, akaviweka kando ya mlango, akaenda chumba cha nyuma. Aliuacha mlango wazi. Hatukusikia neno, wala kijiko, mpaka viazi vikaiva, na safari hii hatukujidanganya kwamba bibi anapata usingizi.